Kumfundisha mtoto kula vizuri kwa kutumia Biblia: mwongozo kamili, anza na "nimewapa" kabla ya "usile"

Nafundisha watoto kanisani huku Mwanza, na nyumbani nina wangu watatu, kwahiyo haya ninayoandika yametoka jikoni na darasani kwa pamoja. Mwaka wa kwanza niliopewa darasa nilianza na Walawi 11 moja kwa moja, wanyama safi na najisi, na watoto walipenda sana maana kuna sungura na ngamia na mwewe. Jumatatu yake binti yangu, alikuwa na miaka sita, akaenda kwa jirani akakuta wenzake wanakula akamwambia rafiki yake "mnakula najisi, nyie mtakufa". Mama yake yule mtoto alikuja kuniuliza kwa upole kabisa, ametulia, na mi sikuwa na jibu. Mtoto hakukosea, alikuwa amerudia kile nilichomfundisha, sema nilianzia pasipo.

Nikarudi kusoma upya, tena taratibu. Biblia yenyewe kuhusu chakula haianzi na katazo jamani. Neno la kwanza kabisa ni zawadi, Mwanzo 1:29, "nimewapa kila mche utoao mbegu". Makatazo yanakuja mbele huko. Tangu hapo nafundisha kwa mpangilio huo, na ndio mpangilio wa mwongozo huu. Unafaa kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka kumi na mbili hivi, na huhitaji kuwa Msabato kama mimi ili uutumie.

Kabla ya yote, andika mnachokula sasa

Chukua daftari, wiki nzima andika kila kinachoingia mdomoni kwa watoto na kwako pia. Usibadilishe kitu, andika tu. Chai na mandazi andika, biskuti za dukani kwa Mangi andika, soda ya kwenye sherehe andika. Wengi tukifanya hivi tunagundua kitu kimoja: mtoto anashiba lakini sahani ni nyeupe kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mkate mweupe, wali, ugali wa sembe, tena wali. Tumbo limejaa ila mwili una njaa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 hapa Tanzania ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu huo haupo kwenye nyumba zinazolala njaa tu, upo hata mikoa inayolima chakula kingi. Alafu mijini nako unene wa watoto unapanda. Kwahiyo usiseme "wangu wanakula vizuri sana" kabla hujaandika.

Hilo daftari usimwonyeshe mtoto kama kesi. Ni lako wewe. Utalirudia mwishoni.

Hatua ya kwanza: mchezo wa mbegu (Mwanzo 1:29)

Hii fanya wiki moja au mbili, usiharakishe, ndio msingi.

Msomee mtoto ule mstari, alafu mwambie "twende tukatafute vitu ambavyo Mungu alisema ametupa". Nendeni sokoni au hata gengeni pale karibu. Kazi yake ni kutafuta vitu vyenye mbegu. Kila siku mnanunua kimoja, mnakipasua nyumbani, anatafuta mbegu ziko wapi. Papai, tikiti, boga, nyanya, bamia, tango, pasheni, pera, chungwa, ndizi (ndizi za kula zina vidoa vidogo tu vyeusi katikati, na watoto wanabishana hapo mpaka basi). Mwambie pia kwamba maharage, choroko, kunde, dengu, njugu mawe, mahindi, mtama na ulezi hizo zenyewe ndio mbegu. Mwanangu wa pili alishangaa sana kuambiwa anakula mbegu kila siku.

Mbegu mnazozipata mzibandike kwenye karatasi ngumu, kipande cha boksi kinatosha, na uandike jina chini. Baada ya wiki mbili una ukuta wenye mbegu ishirini na mtoto amegusa, amenusa na ameonja vitu ishirini bila wewe kumwambia "kula mboga" hata mara moja. Hapo ndipo siri ilipo. Wataalamu wa lishe ya watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara nane mpaka kumi na tano ndio akikubali, na sisi wengi tunakata tamaa mara ya tatu tunasema "huyu hapendi bamia". Kumbe ameziona mara tatu tu. Kukishika, kukikata, kukinusa, zote hizo zinahesabika kama kukutana nacho.

Kama una kiuwanja, hata ndoo mbovu au kiroba, mpande mchicha. Mchicha kwa wiki tatu nne unaanza kuchuma, na huo ni muda ambao mtoto anaweza kusubiri. Mtoto aliyemwagilia mchicha wake mwenyewe atataka kuula. Sio mara zote, ila mara nyingi.

Angalizo kwa wadogo: karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, anaweza kupaliwa, zitwange au zisage. Na karanga au mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi usiyaonee huruma, tupa, sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu.

Hatua ya pili: siku kumi za Danieli

Hapa ndipo napapenda kuliko pote, na nitakaa kidogo.

Hadithi ya Danieli sura ya kwanza watoto wanaijua, lakini wengi tunaisimulia vibaya, tunasema Danieli alikataa nyama, basi. Soma vizuri. Vijana wanne wametekwa, wamepelekwa Babeli, wamebadilishwa mpaka majina, na posho ya kila siku inatoka meza ya mfalme. Danieli anaazimu moyoni. Alafu anafanya nini? Hapigi kelele, hamtukani mpishi wala hawaambii wenzake "mnakula najisi". Anamwendea msimamizi, anaomba kwa adabu, tena anatoa pendekezo lenye muda, tujaribu siku kumi alafu ututazame. Hii namna ya kuomba ndio nataka mtoto aibebe, maana atakuja kuihitaji kwenye bethdei, bwenini, hata ukubwani kazini.

Sasa kitu kingine kizuri. Kwenye Biblia ya Union Version imeandikwa "watupe mtama tule, na maji tunywe". Tafsiri nyingine zinasema mboga. Neno la Kiebrania pale linamaanisha vitu vinavyopandwa, vya mbegu, kwahiyo nafaka, mikunde na mboga vyote vinaingia humo. Ila mtoto wa Kanda ya Ziwa au Dodoma au Singida akisikia mtama anajua ni nini, bibi yake anaulima! Ghafla Danieli anakuwa mtu wa kwao. Mi hapo huwa naleta mtama mkavu darasani, kila mtoto anashika kiganjani wakati nasoma.

Jinsi ya kufanya nyumbani:

Kaeni kikao cha familia, mtoto naye aongee. Mkubaliane "chakula cha mfalme" kwenu ni kipi. Mwache ataje mwenyewe, atataja soda, chipsi, biskuti, jusi za paketi, lambalamba, pipi. Chagueni vitu vitatu au vinne tu vya kuacha kwa siku kumi. Baba na mama wanaacha pia, hili halina mjadala, huwezi kumnyima mtoto soda wewe unakunywa yako sebuleni. Kama baba hataki basi mwambie akanywee hukohuko nje kwa siku hizo kumi.

Kinachoingia badala yake: maji, matunda, mikunde kila siku, mboga za majani kila siku, na nafaka isiyokobolewa angalau mara moja kwa siku. Sio mtama tu! Mtoto anakua, usimfanyie mfungo. Maziwa, mayai na dagaa viendelee kama mlikuwa mnakula, Danieli na wenzake walikuwa vijana, hawakuwa watoto wa miaka minne.

Mfano wa siku moja kwetu. Asubuhi uji wa mtama na ulezi nimechanganya na karanga zilizosagwa, sukari kijiko kimoja kidogo kwa kikombe, nakamulia ndimu. Saa nne ndizi au kiazi kitamu cha kuchemsha, au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) kama bibi ameleta. Mchana kande za mtama na maharage. Jioni ugali wa dona na mchicha wa karanga na dagaa, na kipande cha papai.

Hizo kande za mtama wengi mnaniuliza, ni rahisi. Mtama mzima uchambue uloweke usiku kucha, maharage nayo loweka pembeni. Asubuhi mwaga maji, kila kimoja chemsha sufuria yake maana haviivi sawa, mtama unachukua kama saa nzima au zaidi kutegemea na aina. Vikiiva unganisha, kitunguu, nyanya, karoti, nazi au karanga, chumvi mwishoni na iwe kidogo. Ugali wa mtama mtupu mtoto ambaye hajazoea ataukataa kwa rangi yake, kwahiyo anza na robo ya mtama na robo tatu ya dona, ongeza taratibu.

Alafu kuna hili la chai. Mtama, maharage na mboga za majani vina madini ya chuma lakini ya mimea, na mwili unayachukua kwa shida kidogo. Ukiweka kitu chenye vitamini C kwenye mlo huohuo, chungwa, ndimu, nyanya, pera, yanachukuliwa vizuri zaidi. Ukiweka chai yanazuiwa. Kwahiyo ule utaratibu wetu wa mtoto kula maharage na chai ya rangi pembeni hebu tuuache, chai ikae mbali na mlo kama saa moja hivi.

Ukutani bandika karatasi ya siku kumi. Kila jioni mtoto anachora: nimekunywa vikombe vingapi vya maji, nimekula rangi ngapi, nimepata choo bila shida, nimecheza bila kuchoka. Usimpime uzito na usimwambie "uso wako utang'aa kama Danieli". Siku kumi kwa mtoto hazitabadilisha sura, ukimwahidi muujiza na usipotokea umemfundisha kutoiamini Biblia. Kinachobadilika kweli ni choo na kiu, na kuna watoto wanaacha kuomba sukari kila saa. Choo kwa wanangu kilibadilika siku ya nne.

Siku ya sita au ya saba wengi wanavunja. Mtoto atakuja kukwambia amekula biskuti shuleni. Mshukuru kwa kusema ukweli, muendelee na siku inayofuata, usirudishe hesabu mwanzo. Ukimuadhibu, mwakani atakula kwa kificho.

Hatua ya tatu: mana na asali, yaani kiasi

Kutoka 16 kuna somo la lishe ambalo halizungumzwi. Waisraeli wakiwa jangwani walishushiwa mana, mkate kutoka mbinguni, na kila mtu aliambiwa aokote kadiri ya ulaji wake, aliyeokota kingi hakubakiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kadiri ya ulaji wake! Sisi tumekuzwa na "maliza sahani yote au hutoki hapo", na nia ya wazazi wetu ilikuwa nzuri, chakula kilikuwa cha shida. Lakini mtoto mdogo ana kipimo chake ndani, ukimlazimisha kila siku kukipita anakipoteza. Nachofanya: mi ndo naamua kinapikwa nini, kinaliwa saa ngapi na wapi, yeye anaamua ale kiasi gani. Sahani ndogo, anapakuliwa kidogo, akitaka anaongezwa. Anapokataa kabisa hapikiwi kingine, anasubiri mlo unaofuata, na hakuna matusi.

Atakayeuliza kuhusu kupoteza chakula, jibu liko Yohana 6:12, Yesu alisema wakusanye vipande vilivyobaki kisipotee kitu. Walikusanya kwenye vikapu jamani, hawakuvishindilia tumboni kwa watoto! Kiporo kitunzwe. Na mana ileile inafundisha kutunza, maana walioilaza bila ruhusa iliwatolea mabuu na kunuka. Chakula kisikae nje zaidi ya masaa mawili, kifunike, kama kuna friji kiingie, asubuhi kipashwe mpaka kitoe mvuke kote. Kama hakuna friji pika kinachotosha, hasa wali, wali uliolala nje unaumiza matumbo na kuupasha moto hakusaidii.

Asali sasa. Mithali 25:16 inasema umeona asali? Kula kiasi kikutoshacho usije ukashiba na kuitapika. Biblia haisemi utamu ni mbaya, nchi ya ahadi yenyewe inatajwa kwa maziwa na asali. Inasema kiasi. Darasani nafanya hivi: chupa ya soda ya kama mililita 350 naiweka mezani, pembeni glasi ya maji, alafu watoto wanahesabu kwa sauti nikiweka sukari kwenye glasi, vijiko tisa vya chai. Wanaanza kucheka kwenye cha tano, kwenye cha tisa wamenyamaza. Alafu nawauliza nani anataka kunywa hii glasi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtoto wa miaka mitano ni kama vijiko vinne vya chai kutwa nzima, uji, chai na biskuti vyote humo. Soda moja imeshamaliza siku mbili.

Na tafadhali sana, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo. Najua bibi anasema ni dawa ya kikohozi. Kwa mtoto mchanga hapana.

Hatua ya nne: ndipo Walawi 11

Sasa mtoto ameshajua alichopewa, ameshajua kuomba kwa adabu na kiasi. Hapo kama imani yenu inashika Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, fundisha, na kama hamshiki pia msimulie maana atakutana nayo.

Kwa samaki nenda sokoni, kwa Mwanza hapa tuna bahati. Sheria ni mapezi na magamba. Mpe mtoto sato mkononi apapase magamba, alafu aguse kambare, laini kabisa, hana magamba. Dagaa mwangalie kwa karibu kwenye mwanga, vimagamba vipo. Huhitaji ubao. Kwa wanyama wa nchi kavu ni vitu viwili vikutane, kwato zilizopasuka na kucheua. Ng'ombe, mbuzi, kondoo vyote wanavyo. Nguruwe ana kwato zilizopasuka ila hacheui, ngamia anacheua ila kwato ndio tatizo.

Maswali yatakuja. "Senene je?" Hili swali kwa watu wenye ndugu Bukoba halikosi. Walawi 11:21-22 inaruhusu wadudu wenye miguu ya kurukia, nzige, panzi na wenzao, na senene anaruka vizuri tu, kwahiyo wengi tunamla kwa amani. "Kumbikumbi?" Huyo harukii miguu. Hapo mpe mtoto nafasi afikirie mwenyewe kabla hujajibu.

Sababu mpe ileile ambayo sura yenyewe inatoa, mstari wa 44 na 45, watu walitengwa kwa ajili ya Mungu. Sababu za kiafya nenda nazo taratibu. Ni kweli tegu wa nguruwe ni tatizo hapa kwetu na anaweza kusababisha kifafa. Ila hata ng'ombe ana tegu wake, na nyama ya mnyama safi isiyoiva inaweza kuua vilevile. Ukimwambia mtoto "kitimoto ni sumu" na darasani kwao nusu wanakula na wako wazima, atakuona muongo. Mwambie "sisi nyumbani hatuli kwa sababu ya Neno", inatosha. Na usisahau lile ambalo hata tunaojiita washika sheria tunaliruka, Walawi 7:23, mafuta ya ng'ombe, kondoo na mbuzi msile. Sisi hapo ndio tunaagiza "weka yenye mafuta"! Mtoto mkubwa akuone unavyokata mafuta pembeni, alafu mpe kisu naye akate.

Alafu siku hiyohiyo, isipite, soma naye Warumi 14:3, alaye asimdharau asiyekula na asiyekula asimhukumu alaye. Wapo Wakristo wanaosoma Marko 7 na Matendo 10 na kuelewa tofauti na sisi, na wanampenda Mungu. Fanyeni zoezi la kuigiza. Wewe uwe mama wa rafiki yake, yeye mgeni: "Karibu mwanangu, kula." "Asante mama, shikamoo, hicho nyumbani huwa hatuli, naomba wali na maharage." Rudieni mpaka aseme bila kukunja uso. Laiti ningefanya hili zoezi mwaka ule wa kwanza.

Hatua ya tano: mezani

Mhubiri 10:17 inasifu wanaokula wakati ufaao ili wapate nguvu. Kwahiyo ratiba. Milo mitatu, kitafunwa mara mbili, katikati maji tu. Mtoto anayetafuna kutwa hawezi kuwa na hamu na mchicha saa moja usiku. Tivii na simu zizimwe. Sala iwe fupi na itaje vitu, "asante kwa maharage haya, kwa aliyeyalima, kwa mama aliyeyapika", badala ya kukariri kitu kimoja tangu chekechea.

Usitumie pipi kama zawadi ya kumaliza mboga, umeshamwambia mboga ni adhabu na pipi ndio mbingu. Na Mithali 23:2 ya kujitia kisu kooni kama u mlafi, usimnukulie mtoto mnene. Nimeona binti aliyeambiwa hivyo mbele za watu, akaanza kula kwa kujificha. Mithali 15:17 ndio ya mezani, chakula cha mboga penye mapendano ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana.

Jikoni wape kazi kwa umri: wa miaka mitatu achambue mchicha na kuosha nyanya, wa sita amenye ndizi zilizochemshwa na kuchambua maharage, wa tisa akate kachumbari ukiwa karibu, wa kumi na mbili apike mlo mzima mara moja kwa wiki na nyie mle hata kama chumvi imezidi.

Shuleni na kwa bibi

Shuleni mfungie hotipoti asubuhi, viazi vitamu, yai, ndizi, chupa ya maji. Hela ya matumizi punguza na umwambie kwanini. Kwa bibi ni pagumu zaidi maana bibi anapenda kwa pipi. Usimtume mtoto akamkosoe. Nenda wewe mwenyewe, msalimie, muombe mama au mama mkwe "naomba unisaidie, watoto wanapenda mtama wako, uwapikie ule wa zamani". Bibi akipewa kazi ya kufundisha chakula cha asili hakuna mwalimu wa kumshinda.

Mambo ya kuwa makini nayo

Kama familia imeamua kuacha nyama, mayai na maziwa kabisa, mtoto lazima apate vitamini B12 kutoka vyakula vilivyoongezewa au vidonge, maana mimea haina, na hili nenda kliniki wakakuelekeze, usijitungie. Mifungo ya kanisa mtoto mdogo asiingizwe. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Mtoto anayepungua uzito, mwenye kisukari, selimundu au aliyekuwa anaumwa, siku kumi za Danieli zisubiri mpaka umeongea na daktari. Chumvi iwe yenye madini joto.

Siku ya kumi na moja

Asubuhi yake kaeni tena kikao kama kile cha kwanza. Toa lile daftari lako la mwanzo, weka pembeni ya karatasi ya ukutani. Kila mmoja achague kitu kimoja tu cha kuendelea nacho, kimoja, na asichaguliwe. Kwetu mara ya mwisho mkubwa alichagua maji badala ya jusi kwenye hotipoti. Wa kati alikataa mtama kabisa, alisema ameshaujaribu siku kumi kama walivyokubaliana na hautaki, lakini anataka karanga ziendelee kuwekwa kwenye uji, nikamwambia sawa. Mdogo akasema yeye anachagua kumwagilia mchicha. Mi nimeacha chai ya pamoja na chakula, na mpaka leo ndio kitu kinachonishinda zaidi, hasa Jumapili asubuhi.